Tuwasaidie Wenzetu Waache Sigara

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika. Yamenakiliwa hapa na wanakisomo kwa ajili ya wale waliokuwa shambani.)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya sigara. Tunaona wengine mmeanza kutazamana, maana sisi ni wakulima wa tumbaku. Bohari hili tulimokaa limejengwa kwa fedha za tumbaku, na watoto wengi hapa wamesoma kwa tumbaku. Kwa hiyo tuliweke sawa jambo hilo kwanza, lisije likatusumbua mpaka mwisho. Hatukuja kusema watu wang'oe miche. Habari ya zao inataka mkutano wake. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2007, una ibara ya 17 inayosema wakulima wasaidiwe kupata mazao mengine yenye kipato. Siku hiyo itafika tutabishana, na tutabishana sana. Leo tunasema juu ya ibara nyingine, ya 14, inayosema mvutaji anayetaka kuacha asaidiwe.

Kulima ni kazi, kuvuta ni kitu kingine. Mkulima wa pamba hali pamba. Robota likishapewa daraja lake na mteuzi linakwenda zake, na sehemu kubwa ya tumbaku ya nchi hii huuzwa nje. Bei yetu haitapanda hata senti moja eti kwa sababu ndugu yetu fulani anavuta nyuma ya duka.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Darasani kwetu kwenye kisomo tulifanya hesabu. Tuliacha mifano ya vitabuni ya maembe na machungwa, tukachukua sigara, maana kila mtu anaijua. Tuliweka hivi: mtu anavuta sigara tano kwa siku, ananunua moja moja, kila moja shilingi 200. Kwa siku ni shilingi 1,000. Kwa wiki 7,000. Kwa mwaka wa siku 365 ni shilingi 365,000. Mzee mmoja alikataa, akasema mwalimu amekosea sifuri. Tukamwambia aje ubaoni arudie mwenyewe. Akarudia, akapata ile ile, akakaa kimya. Wenyewe mnajua mfuko wa mbolea unauzwaje na bati linauzwaje. Kila mtu agawanye kwa bei anayoijua.

Maskini haoni fedha hizo zikitoka kwa sababu zinatoka kidogo kidogo. Angedaiwa 365,000 kwa mara moja angelia mkutanoni hapa. Tangu zamani tunafundishwa kwamba maadui wetu ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Sigara inawakaribisha wawili kwa mlango mmoja, maana inachukua fedha halafu inaleta ugonjwa unaotaka fedha.

Ugonjwa wenyewe ni upi? Wengi wetu tukisikia sigara tunafikiri kikohozi na kifua. Moyo hatuufikirii. Na kweli moshi unaharibu mapafu na kuleta saratani, lakini leo tuuangalie moyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza, unaua ghafla, bila kuugua kitandani. Ya pili, ndio unaopata nafuu mapema mtu akiacha.

Mnajua ile hewa ya jiko la mkaa inayoua watu waliolala wamefunga milango na madirisha. Hewa hiyo hiyo imo ndani ya moshi wa sigara, ila kidogo kidogo. Ikiingia kwenye damu inakaa mahali pa hewa safi, ile oksijeni, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake na hataki kuondoka. Moyo unabaki unafanya kazi kubwa na hewa haitoshi. Hapo hapo nikotini, ile sumu inayomfanya mtu aitamani tena, inaukimbiza moyo na kupandisha presha. Na moshi unauparuza ukuta wa ndani wa mishipa ya damu. Mshipa mzima ni laini ndani. Ukiparuzwa, mafuta yananata, njia inakuwa nyembamba, na damu yenyewe inakuwa rahisi kuganda. Bonge la damu likiziba mshipa wa moyo, hilo ni shambulio la moyo. Likiziba mshipa wa kichwani, ni kiharusi.

Hapa kijijini mtu akianguka hivyo tunasema amepigwa jini, au amelogwa. Ndugu wanaanza kutafutana uchawi, ukoo unagawanyika, na pakiti ya sigara imo mfukoni mwa marehemu. Hatumtukani mtu kwa kusema hivyo. Tunasema tunayoyaona misibani.

Dalili tuzijue. Kifua kinabana kama kimewekewa gunia, maumivu yanakwenda begani, mkononi au tayani, jasho jembamba linatoka, pumzi inakata. Mtu wa namna hiyo asipelekwe kulala eti apumzike. Apelekwe kwa mganga wa zahanati saa hiyo hiyo, hata kwa kubebwa. Lakini tuseme kweli: matibabu makubwa ya moyo hayako karibu nasi. Yako Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na kwenye hospitali kubwa chache. Kutoka Tabora mjini mpaka Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 800, na kutoka hapa mpaka Tabora mjini tuna safari nyingine, mnaijua barabara yetu wakati wa masika. Mtu wa mjini mwenye gari anaweza kuugua moyo akafika. Sisi kinga ndiyo hospitali yetu.

Mtasema, babu yetu alivuta kiko mpaka akafika miaka 90. Ni kweli, wapo. Lakini kwenye mkutano huu tunawaona waliobaki. Waliokufa na miaka 50 hawakuja, hivyo hatuwahesabu. Wataalamu wamehesabu wote. Kule Uingereza, mwaka 1951, Richard Doll na wenzake walianza kuwafuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000, wavutaji na wasiovuta, wakawafuatilia miaka 50. Hesabu ilipofungwa, wavutaji walikuwa wanakufa miaka 10 hivi mapema kuliko wasiovuta. Hao ni madaktari, watu wenye chakula na hospitali. Hesabu ile ile ilionyesha kwamba aliyeacha akiwa na miaka 30 aliikwepa karibu hasara yote. Aliyeacha na miaka 40 alirudishiwa miaka 9 hivi, wa miaka 50 alirudishiwa 6, na wa miaka 60 alirudishiwa 3. Sasa wazee wenzetu wanaosema "sisi tumeshachelewa, waambieni vijana," mnaona wenyewe. Miaka 3 mtu anaweza kumaliza nyumba.

Na moyo haungoji miaka yote hiyo. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo na presha vinaanza kushuka. Baada ya siku moja au mbili ile hewa ya mkaa imetoka kwenye damu. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoongezwa na sigara imepungua kwa nusu hivi. Baada ya miaka 15 inakaribia kuwa sawa na ya mtu ambaye hakuvuta kabisa.

Kuna mwingine amekaa pale nyuma anasema moyoni, mimi yananihusu nini, navuta moja tu, jioni baada ya kula. Ndugu, hiyo moja ndiyo inayodanganya. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali, wakakuta anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya moyo anayoongezewa mtu wa sigara 20. Moyo hauhesabu kama dukani. Kwa hiyo kupunguza ni hatua ya kupitia, si mahali pa kukaa. Na anayehama kutoka sigara kwenda msokoto wa tumbaku yake mwenyewe kwenye karatasi ya gazeti, kwa sababu ni bure, amehama chumba, nyumba ni ile ile. Ugoro nao una nikotini na unaleta saratani ya mdomo, usitumike kama dawa ya kuachia sigara.

Akina mama wametukumbusha kwamba wao hawavuti lakini wanavutishwa. Ni kweli tupu. Anayekaa na mvutaji ndani ya nyumba hatari yake ya ugonjwa wa moyo hupanda kwa kama robo. Hapo hatujataja moshi wa kuni jikoni, ambao nao si rafiki wa moyo. Basi walau baba atoke nje, huku akijiandaa kuacha. Na watoto wasitumwe dukani kununua sigara. Sheria ya mwaka 2003 imekataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, lakini sisi wenyewe tunawatuma, halafu tunashangaa wamejifunzia wapi.

Tunajua wanajifunzia wapi. Wanajifunzia kwenye bani. Ukaushaji wa tumbaku ya mvuke ni siku tano, sita, saba, moto haufai kushuka wala kupanda ovyo, usiku na mchana. Tunamweka kijana wa miaka 16 au 17 alinde moto. Usiku ni mrefu, baridi ya alfajiri inauma, njaa inauma, usingizi unamwelemea. Mkubwa anampa pafu moja afungue macho. Msimu ukiisha kijana ni mvutaji, naye hakukaa chini akaamua. Hapo hakuna haja ya kutafuta mwalimu mbaya kutoka mjini. Kamati inaomba kila mwenye bani aweke zamu ya watu wawili usiku, na uji au muhogo wa kuchoma, ili mtu asifanye sigara kuwa chakula na blanketi.

Haya, na anayevuta tayari, tumfanyeje? Kazi ndipo ilipo, na tunaomba msikilize vizuri.

Kwanza tuache kumcheka na kumgombeza. Nikotini inaushika ubongo. Mtu akiikosa anakuwa mkali, hana usingizi, mikono haitulii, anawapigia kelele watoto. Huo si ukaidi wala si ukosefu wa akili. Siku tatu za mwanzo hadi wiki ndizo ngumu kupita zote, kisha hali inalegea wiki hadi wiki, na baada ya mwezi hivi wengi wanaona nafuu. Hamu yenyewe inapokuja haikai sana, ni dakika chache tu inapita. Dakika hizo ndizo za kupigania: anywe maji, atafune karanga, ashike jembe, atembee mpaka kwa jirani, azungumze. Pombe aikae mbali majuma ya mwanzo, kwa sababu kilabuni glasi moja inaita sigara, na wenzake wanamnyooshea bila hata kumwuliza.

Dawa za kusaidia zipo duniani. Ubani wa nikotini na plasta ya kubandika viliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Ila kwenye zahanati za vijijini ni nadra kuzikuta, hivyo tusiwadanganye watu wakae wanazisubiri. Kitu ambacho zahanati inacho ni mganga na mashine ya presha. Tumemwomba mganga wetu amwulize kila mtu mzima anayefika kwake, hata kama amekuja na malaria: ndugu, unavuta? Unataka kuacha? Lini? Maneno ya dakika mbili tatu ya mganga yamethibitika kwamba yanasaidia wengine kuacha. Yanasaidia wachache katika kila mia, lakini hayana gharama, na kijiji kina mamia.

Pili, mtu asiache peke yake. Wazazi wetu mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, walikaa kwenye vikundi wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaondoka pamoja kwenda kuchimba vyoo. Watu kama milioni mbili nchi nzima walishiriki. Hakuna aliyeachwa na jembe lake kuchimba choo cha kijiji. Sisi tufanye vivyo hivyo. Anayeacha awe na mwenzake anayeacha siku hiyo hiyo, na mmoja asiyevuta wa kuwaangalia. Siku waichague wenyewe, na tunashauri iwe baada ya masoko, kabla ya masika. Kuanza kuacha wakati bani linawaka ni kumtafutia mtu aibu.

Tatu ni sanduku, ambalo ndilo lililofanya kamati ikae mpaka saa nne usiku.

Kule Ufilipino, kisiwa cha Mindanao, kuna benki ilijaribu jambo na wavutaji wa kipato cha chini. Mvutaji alifungua akaunti ya akiba, akaweka humo fedha ambazo angenunulia sigara, kwa miezi sita. Mwisho wa miezi sita alipimwa mkojo. Ukikutwa hauna nikotini alichukua fedha zake zote. Ukikutwa nayo, fedha zilikwenda kwa wenye shida, yeye akakosa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Tusiyapake rangi: katika kila watu 100 walioelezwa mpango huo, 11 tu ndio waliokubali kuingia. Lakini kundi lililopewa nafasi hiyo liliacha zaidi kuliko kundi ambalo halikupewa, na walipopimwa tena baada ya mwaka, bila kutarajia, tofauti ilikuwa bado ipo.

Tukasema, hiki si kigeni kwetu. Sanduku la akiba tunalijua, kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu tunazijua. Kwa hiyo kamati inapendekeza Sanduku la Waacha Sigara. Anayeacha anaweka kila wiki fedha aliyokuwa anachoma. Yule wa sigara tano wa hesabu yetu, kwa siku 182 atakuwa na shilingi 182,000. Litafunguliwa baada ya miezi sita, wakati mbolea inahitajika.

Vipimo vya mkojo hatuna. Mashahidi wetu ni mke au mume wa mhusika, mwenzake wa kuacha, na pua za kijiji, maana moshi haufichiki. Aliyeteleza mara moja akasema mwenyewe kwa wenzake, asinyang'anywe. Aanze siku zake upya. Wengi duniani huacha baada ya kujaribu zaidi ya mara moja, na aliyejaribu mara tatu amejifunza mara tatu. Aliyerudi moja kwa moja kwenye sigara, fedha zake ziende wapi? Wengine wanataka ziende zahanati. Akina mama wanne walisema kwa sauti moja ziende kwa mke wake. Tulicheka, lakini hoja yao ina uzito, kwa sababu chakula kilichochomwa kilikuwa cha nyumba nzima. Mkutano utaamua.

Jambo la mwisho ni duka letu la ushirika. Duka linauza sigara, na linauza moja moja, na mtunza duka ametuonyesha daftari: faida yake si ndogo. Wajumbe wawili walisema tukiacha, mteja atahamia duka la barabarani na sukari atanunulia huko huko. Hawakusema upuuzi. Lakini ushirika ulianzishwa ili mkulima asinyonywe, na mwanachama aliyeweka fedha sandukuni asubuhi asikute sisi wenyewe tumemtegea sigara moja ya shilingi 200 kwenye meza jioni. Kamati imegawanyika, wanne kwa watatu, wengi wanataka sigara ziondolewe kabisa. Hatutaki kulipitisha kwa kura saba, ndiyo maana tumelileta hapa.

Daftari la majina litakuwa kwa mtunza bohari kuanzia Jumatatu. Asiyejua kuandika jina lake aje jioni kwenye kisomo, tutamwandikia leo na wiki ijayo ataliandika mwenyewe. Mpaka sasa wamejitokeza tisa, sita wanaume na watatu wanawake, na mmoja wao ana miaka 71. Ufunguo wa kwanza utashikwa na mganga wa zahanati, wa pili na mwenyekiti wa akina mama. Wa tatu bado haujapata mtu. Tunaomba mkutano umchague sasa, kisha tupige kura ya duka.